Matuu Si Jangwa: Teremka Ule, Msafiri

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo madarasani na magazetini ni neno "jangwa". Mtu akiipa Thika kisogo, akaishika barabara ya Garissa, akaona nyasi zimekauka na migunga imesimama mbalimbali, papo hapo husema ameingia jangwani. Wanafunzi huandika hivyo katika insha zao za safari, na walimu huwatilia alama ya vema. Nami nauliza: ni jangwa gani hili lenye mji wa Matuu, mji wenye soko la maembe na nyanya, bucha zenye moshi wa nyama inayochomwa, na mikahawa inayopakua vyakula ambavyo mwenyeji wa Nairobi huvipata kwa nadra?

Kiswahili hakikukosa maneno. Jangwa ni nchi ya mchanga, chumvi na mawe isiyootesha kitu, kama ilivyo Chalbi katika kaunti ya Marsabit. Nyika ni nchi ya nyasi na vichaka ipatayo mvua haba. Nchi kame ni ile ambayo mkulima hawezi kuitegemea mbingu peke yake, na nchi nusu kame ni ile ambayo mkulima hupanda kwa matumaini na kuvuna kwa majaliwa. Zaidi ya robo tatu ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Eneo la Yatta katika kaunti ya Machakos, ambamo mji wa Matuu umo, ni la fungu hili la mwisho. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, na ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo inayoaminiwa zaidi na wakulima. Ni mvua haba, tena yenye hila, lakini ipo.

Tofauti hiyo haiwahusu wanajiografia na wanaisimu peke yao. Jina lina kazi. Mahali pakishaitwa jangwa, dereva wa basi la shule hapunguzi mwendo, mwalimu hatafuti la kuwaonyesha wanafunzi wake, na mtoto aliyezaliwa hapo hujifunza mapema kwamba kwao ni kule ambako hakuna kitu. Ndiyo sababu ninamwalika msomaji tuteremke Matuu, yapata kilomita 100 kutoka Nairobi, tuingie katika mikahawa na maduka yake na tuzuru mapumziko yaliyo karibu, tuone kama jina hilo linastahili.

Jina lenyewe lina historia. Mwaka 1937, Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti iliyoonya kwamba nchi ya Wakamba ilikuwa mbioni kugeuka jangwa la miamba, mawe na mchanga. Mwaka uliofuata serikali ilitwaa ng'ombe wa watu kwa hoja kwamba mifugo imeyazidi malisho, na Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kulalamika. Utabiri wa Maher haukutimia. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao kuhusu Machakos, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua. Miongoni mwa sababu walizozieleza ni matuta, hususan yale ya "fanya juu": mkulima huchimba mtaro unaokingama mteremko, kisha huutupa udongo upande wa juu, si wa chini. Neno hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Nchi iliyotabiriwa kuwa jangwa ndiyo iliyoupa ulimwengu neno la kulizuia jangwa.

Sasa tugeukie maduka. Msafiri huyaona maduka ya Matuu yamejipanga kando ya lami, akadhani ni lami iliyoyaleta. Barabara imeyaongeza, hapana shaka, lakini biashara katika Ukambani ni kongwe kuliko barabara. Kikamba kina kitenzi "kuthuua", chenye maana ya kutoka kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana wakati ambapo mvua imekosa. Aliyepungukiwa na nafaka alichukua mifugo au kazi ya mikono yake, akaenda kwa majirani waliovuna. Kutokana na mwendo huo wa dhiki ukazaliwa ustadi wa biashara ya masafa marefu, na katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Krapf huyo ndiye mwenye kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Walimu wa Kiswahili, basi, wana deni dogo kwa wachuuzi wa nchi kavu: mwenye bidhaa ndiye aliyemfungulia njia mwenye kamusi.

Kwamba duka katika nchi ya namna hii lina uzito mwingine, tunaweza kuliona katika majina ya njaa. Wakamba huipa kila njaa kubwa jina, na majina hayo ni kitabu cha historia kisichohitaji maktaba. Njaa ya mwaka 1961 iliitwa "Yua ya Ndeke", yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Njaa iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa "Nikw'a Ngwete". Maana yake ni "nafa nikiwa nimeshika", na kinachoshikwa ni fedha. Watu walikuwa na pesa mkononi, rafu za maduka zikawa tupu. Sijui jina jingine linaloeleza kwa ufupi zaidi duka ni nini. Kwa mtu wa mjini duka ni mahali pa kutumia pesa. Kwa aliyeipitia njaa ile, duka lenye unga ni ghala la pili baada ya lile la nyumbani. Mwanafunzi akiliona duka la nafaka Matuu, magunia yake yamefunguliwa vinywa mlangoni, aelewe kwamba haoni biashara tu. Anaona jibu la swali ambalo wazazi wake waliulizwa na mbingu.

Katika magunia hayo kuna somo la msamiati. Mbaazi, ambazo Wakamba huziita "nzuu", kunde ambazo huziita "nthooko", ndengu, ambazo Kiswahili sanifu huziita choroko au pojo, wimbi na mtama: nyingi za nafaka na jamii za kunde zinazostahimili ukame zimo humo. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili atofautishe mbaazi na kunde kwa macho. Wengi hukwama, ingawa methali ya mbaazi ikosayo maua na kusingizia jua wameikariri tangu shule ya msingi. Methali wanayo, mbegu hawaijui. Dakika kumi mbele ya gunia zingewafaa kuliko saa nzima mbele ya ubao.

Tukitoka dukani tuingie mkahawani, lakini kwanza tusome ubao wa mlangoni. Neno "duka" lilitufikia kupitia Kiarabu na lugha za Bara Hindi. "Mkahawa" lina kahawa tumboni mwake, ingawa Matuu, kama kwingineko Kenya bara, kinywaji ni chai ya maziwa. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, neno hilo hilo hutamkwa "mgahawa". "Hoteli" ni la Kizungu, nalo limebadilika maana lilipofika kwetu: mtoto wa Kenya akisema amekula hotelini hamaanishi jumba lenye vitanda, bali chumba chenye meza, benchi na sufuria. Kwa hiyo mgeni akiona mji mdogo wenye mabao mengi ya "hoteli" asishangae. Ni mji unaolisha watu.

Na unalisha nini? Kwanza, muthokoi. Hiki ndicho chakula ambacho ningetaka kila mwalimu apitaye Matuu akiagize. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji, hutwangwa kinuni kwa mchi mpaka ganda la nje litoke, hupepetwa, kisha huanikwa. Siku hizi mashine hufanya kazi hiyo kwa wanaotaka kuharakisha. Mahindi hayo yaliyokobolewa huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na maharagwe, mbaazi au kunde, na baadaye hukaangwa kwa vitunguu. Ni chakula cheupe, laini, kisicholemea tumbo, na ukikila mchana huwazi njaa mpaka jioni.

Wako wanaosema muthokoi ni "githeri ya Wakamba". Hapana. Githeri ya Wakikuyu, ambayo Wakamba huiita "isyo" na watu wa Pwani huiita "pure", hupikwa mahindi yakiwa na ganda lake. Muthokoi ni mahindi yaliyovuliwa ganda. Tofauti ya kinu na mchi ni tofauti ya kazi ya mwanamke asubuhi nzima, na lugha iliyoona kazi hiyo ikaipa jina lake. Watanzania wana "makande", na jina hilo kwao hukusanya mahindi yaliyokobolewa na yasiyokobolewa. Kiswahili cha Kenya hakina neno moja la muthokoi, na sioni haja ya kulibuni. Tulipokee la Kikamba kama tulivyoipokea chapati ya Wahindi, na tuliandike bila alama za kuonyesha kwamba ni geni.

Chakula cha pili ni nyama choma. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeandika "nyama ya kuchoma", naye ana haki kisarufi. Lakini nomino na shina la kitenzi zimegandana kwa namna ambayo kalamu haitaziachanisha tena. Utaratibu wake Matuu ni ule wa bucha nyingi za Kenya: mteja huingia, huchagua pande la mbuzi linaloning'inia, hupimiwa kwa kilo, hulipeleka jikoni, kisha hungoja. Nyama huletwa juu ya ubao, hukatwakatwa mbele ya mlaji, ikafuatwa na ugali, kachumbari na chumvi pembeni. Mbuzi ni mnyama wa nchi nusu kame: hula majani ya vichaka pale ambapo ng'ombe huona miiba tu. Anayekula nyama hiyo anakula, kwa hakika, ile nyika aliyoidharau akiwa kwenye basi.

Maembe, mapapai, nyanya na mboga za sokoni nazo zina kisa chao. Sehemu kubwa ya kijani anachokiona mgeni karibu na Matuu hutokana na Mfereji wa Yatta, unaochota maji katika Mto Thika na kuyasafirisha kwa yapata kilomita 60 hadi katika nyanda hizi. Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliofungwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Walichimba pasipo hiari yao, na wengi wao hawakuwa wenyeji wa hapa. Leo kando ya mfereji hukuzwa bilinganya, karela na mabamia, pamoja na maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo. Mwalimu wa Historia anayewafundisha wanafunzi kuhusu kambi za vizuizi angefanya vyema kuwapa embe la Matuu wakati wa kipindi hicho, kisha awaulize maji yake yalitoka wapi.

Maduka ya kazi za mikono pia yasipitwe. Kiondo cha mkonge, ambacho Wakamba hukiita "kyondo" na wingi wake "syondo", kilisukwa na wanawake wa Ukambani kabla ya kubebwa begani na watalii. Zamani nyuzi zilitoka katika magome ya miti, mbuyu ukiwamo. Mkonge ulikuja baadaye. Asali ya nyika, inayotokana na maua ya migunga, huuzwa katika chupa za kila namna. Aliye na nafasi ya kwenda mbali zaidi katika kaunti hiyo hiyo aende Wamunyu, ambako uchongaji wa vinyago vya mbao ulianzia na kusambaa hadi miji mingine ya Kenya.

Yabaki mapumziko. Anayetoka Thika hukutana kwanza na Maporomoko ya Kumi na Manne katika Mto Athi, na karibu yake mlima ulio ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ol Donyo Sabuk, iliyotangazwa mwaka 1967. Jina hilo ni la Kimaasai, maana yake mlima mkubwa. Waswahili huuita Kilimambogo, kwa sababu ya nyati, ambao ndio mbogo. Wakikuyu huuita Kianjahi na Wakamba huuita Kyanzavi. Mwanafunzi wa isimu na atulie hapa kidogo. "Njahi" na "nzavi" ni jina moja la aina moja ya kunde, ile nyeusi yenye kidoa cheupe, na h ya Kikuyu hulingana na v ya Kikamba kama ilivyo katika "mahoya" na "mavoya", yaani maombi. Jamaa hawa wawili waliutazama mlima mmoja kutoka pande mbili, wakautaja kwa jina lile lile. Somo la lugha za Kibantu linalochukua muhula mzima chuoni limeandikwa juu ya mlima ambao basi la shule hulipita kwa kasi.

Mbele zaidi, kaskazini mwa barabara, kuna Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Ndilo bwawa la juu kabisa na lenye hifadhi kubwa zaidi ya maji katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya mto huo. Kando yake pana hoteli ya kupumzikia, hii ikiwa hoteli kwa maana ya vitanda. Viboko na mamba wamo majini, ndege wa majini ni wengi, na samaki aina ya perege huvuliwa humo. Mtu akisimama ukingoni, akaona maji yasiyo na mwisho machoni katikati ya vichaka vya miiba, atalitafuta neno "jangwa" kinywani mwake asilipate.

Najua yapo majibu. Mwalimu mkuu atasema kwamba safari za shule ni za masomo, si za kula. Nitamjibu kwamba katika aya zilizotangulia tumepita katika Historia, Jiografia, Kilimo na Kiswahili, wala hatujaondoka mezani. Mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, atasema kwamba kuusifu mkahawa ni kuifumbia macho njaa. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, ambapo misimu ya mvua ilikosa mfululizo, uliwaumiza watu wengi katika nchi kame na nusu kame za Kenya, na Ukambani haukusalimika. Kikamba kina neno "mwolyo", la chakula cha msaada, na hakuna anayelitamka kwa furaha. Isitoshe, aliye kando ya mfereji na aliye mbali nao hawaishi katika Yatta moja: mmoja huuza nyanya, mwingine huzinunua.

Hayo yote ni kweli, na ndiyo yanayonipa sababu ya kuandika. Mtu anayepewa msaada huhurumiwa mara moja kwa mwaka. Mtu anayenunuliwa bidhaa yake huheshimiwa kila siku. Mwanamke anayekoboa muthokoi, kijana mwenye bucha na msusi wa viondo hawatuombi huruma. Wanatuomba tusimame. Basi la wanafunzi 50 likisimama kwa saa moja tu, fedha za chakula zilizokuwa ziende kwa mikate ya madukani jijini zitabaki mikononi mwa wapishi, wakulima na wafugaji wa hapo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu: mnapopanga safari ya Mwingi, Kitui au Garissa, wekeni Matuu katika ratiba, na kila mwanafunzi arudi na maneno kumi ya chakula na biashara aliyoyasikia hapo, pamoja na maana zake. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Mazingira yenyewe ndiyo haya. La pili ni kwa wenye mikahawa: andikeni muthokoi, isyo na nzuu juu ya ubao wenu, tena kwa herufi kubwa, kabla ya chipsi na soseji. Mgeni hawezi kuagiza asichokiona jina. La tatu ni kwa wanafunzi wenyewe, hasa wale wa Yatta wanaosoma mbali na kwao: mkiulizwa mnatoka wapi, msijibu kwa kuona haya kwamba mnatoka jangwani. Kataeni neno hilo. Semeni mnatoka katika nyika yenye soko, na mwenye shaka mwambieni ateremke ale.